Piga Hesabu Kabla ya Kupiga Picha

Ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Ukunda, upande wa bara ndiko yalikokuwa machimbo ya Maumba na Nguluku. Tangu shehena ya kwanza ilipopakiwa melini Februari 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, mchanga wa Kwale ulitoa madini matatu: ilmenaiti, rutaili na zirkoni.

Rutaili ni titani na oksijeni. Lakini kuna madini mengine, anatasi, yenye vitu hivyo hivyo kwa kipimo kile kile, na bado si rutaili! Tofauti ni mpango wa atomi. Ni kama mikeka miwili ya ukindu mmoja iliyosukwa kwa mitindo mbalimbali. Miali ya eksirei ndiyo huifichua siri hiyo. Fuwele ikimulikwa, miali hutawanyika na kuacha madoa, na kutokana na nafasi na ukali wa madoa, mtaalamu hukokotoa mahali pa kila atomi.

Je, mtaalamu huwasha mashine na kuanza tu? La hasha! Kwanza hupiga picha chache za majaribio. Fuwele ni nzima, au imepasuka? Ina ulinganifu kiasi gani? Mkeka ambao ua lake hujirudia huhitaji kuutazama wote. Vivyo hivyo, fuwele yenye ulinganifu mkubwa huzungushwa sehemu ndogo tu ya duara. Isiyo nao huhitaji nusu duara au zaidi. Kisha huamua muda wa kila picha. Ukiwa mfupi mno, madoa hafifu hupotea. Ukiwa mrefu mno, yale makali hupita kiwango cha kipimo.

Chembe ya mchanga huvumilia makosa. Fuwele ya protini haivumilii, kwani miali yenyewe huiharibu, hata ikiwekwa kwenye baridi kali ya naitrojeni. Ukianzia upande usiofaa, itakufa kabla hujamaliza, na pengine huna nyingine.

Jamaa wa wagonjwa wa kisukari wajue hili: Dorothy Hodgkin wa Uingereza alipiga picha ya kwanza ya fuwele ya insulini mwaka 1935, na umbo lake likajulikana 1969. Miaka 34!

Kwetu sisi jambo hili ni zito zaidi. Afrika bado haina sinkrotroni, ile mashine kubwa ya kutoa eksirei kali. Mtafiti wetu husafiri ng'ambo, au hutuma fuwele zake, na kupewa saa chache tu. Akizipoteza, hurudi mikono mitupu.

Basi nawe mwanafunzi, uwe Msambweni au Nairobi, kabla ya kuwasha moto maabarani andika: natafuta nini, nitapima mara ngapi, na kikiharibika nitafanyaje? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza hakikisha kibaba hakivuji.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.