Kuuliza njia si ujinga

Chini ya kitanda changu mna mkebe wa biskuti ambao mke wangu ametishia kuutupa mara si haba. Biskuti ziliisha zamani. Zilizomo ni karatasi: pakiti ya sigara iliyopasuliwa, risiti za duka, kadi za harusi, kipande cha mfuko wa saruji. Kila moja ina ramani iliyochorwa kwa mkono na mtu niliyemuuliza njia, wengi wao hapa jijini Nairobi.

"Baba watoto, hata panya wamechoka kuzisoma," huniambia.

Usinicheke upesi, ndugu msomaji. Huko Philadelphia, Marekani, bwana mmoja aitwaye Kris Harzinski alianzisha mwaka 2008 chama kizima cha kukusanya ramani za namna hii. Kama ni wazimu, basi nina wenzangu.

Ramani ya kwanza nilipewa mwaka 1986. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakuja Nairobi kutafuta kazi kutoka kwetu Kola, kule Kalama, Machakos. Mjomba, aliyewahi kuwa seremala Gikomba, alipasua pakiti yake ya sigara, akachukua penseli ya kazi na kunichorea njia.

"Utapanda gari Machakos na utashuka Machakos," akaniambia, "lakini usishangae, utakuwa umefika Nairobi."

Wenyeji wa jiji wanajua maana yake, kwani kituo cha mabasi ya mashambani huitwa Machakos hadi leo. Kutoka hapo mstari wa mjomba ulipita Gikomba, ukaingia Majengo penye msikiti, ukapita hospitali ya kina mama ya Pumwani, ukafika kwenye mti mkubwa. Hapo nigeuke kulia hadi kwa binamu yake, Eastleigh.

Taabu ni kwamba mjomba hakuwa amekanyaga Nairobi kwa miaka 10, na mti wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa makaa. Nilizunguka na sanduku kichwani mpaka jua likawa la utosini, nikarudi pale msikitini nimenywea. Mzee mmoja mwenye kanzu, muuza kahawa, akaniita. Akaitazama karatasi yangu kwa makini.

"Mwanangu, aliyekuchorea hii ni fundi," akasema. "Ameonyesha kila karakana ya mbao, lakini kisima na madrasa hakuviona."

Akatoa kalamu, akaukata ule mti na kuchora duka la vitambaa. "Hapo umuulize mama mwenye duka."

Mama yule alikuwa Msomali. Kabla ya kuniuliza niendako aliniuliza kama nimekula. Nilipomaliza chai na anjera, akaongeza mstari wa mwisho na mlango mmoja wa buluu. Nikafika kabla ya magharibi. Pakiti ile ya sigara ina mikono 3: wa Mkamba, wa Mswahili na wa Msomali. Sikuwahi kuyajua majina ya wale wawili, na tangu siku hiyo sijaweza kuitupa ramani ya mtu.

Baada ya miaka mingi ya kukusanya nimegundua jambo. Mtu akikuchorea njia, hukuchorea na maisha yake. Mama mwenye watoto huweka shule na zahanati. Kijana wa bodaboda huweka vituo vya petroli na mahali askari wanapopenda kusimama. Mzee mmoja wa Kihindi, muuza vipuri, alinichorea njia ya Kirinyaga Road, lakini kwenye karatasi akaandika Grogan, jina la zamani la barabara hiyo. Nilipomwambia, alicheka. "Mimi nilizaliwa Grogan," akasema. "Wewe nenda Kirinyaga, tutakutana hapo hapo."

Na majina ya jiji letu yenyewe ni kumbukumbu ya watu waliokutana hapa. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kibera ni neno la Wanubi, askari wa kutoka Sudan waliopewa makao katika msitu. Na Muindi Mbingu Street hutukumbusha sisi watu wa Machakos mwaka 1938, wazee wetu walipotembea kwa maelfu hadi Nairobi kulalamikia kunyang'anywa ng'ombe wao.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mnalo somo la historia hapa. Mwaka 1854 mmishonari Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakachora ramani iliyotolewa Ulaya miaka ya 1855 na 1856, yenye ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na gamba. Wataalamu wengi wa London waliitilia shaka, lakini iliwashughulisha kiasi cha kuchangia safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857. Ikaja kubainika kwamba maziwa yalikuwa 3: Nyasa, Tanganyika na lile la Nyanza ambalo Speke aliliita Victoria. Wasafiri hawakudanganya. Kila mmoja alisimulia maji aliyoyaona, na waliokosea ni walioyaunganisha.

Nisieleweke kwamba nadharau ramani za simu. Vijana wa Kibera walianza mwaka 2009 kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama pengo tupu, na mwaka 2014 njia za matatu za Nairobi zilipata ramani yake iliyokusanywa kwa simu za mkononi. Hizo ni kazi za kusifiwa. Lakini simu haijawahi kuniuliza kama nimekula.

Kuna ramani moja niiwekayo chini kabisa ya mkebe. Ilichorwa Januari 2008, jiji lilipokuwa likiwaka baada ya uchaguzi. Mwenzangu kazini alikwama mbali na mtaa wake, na kabila lake lilikuwa linatafutwa njiani. Jirani yangu, wa kabila lililoambiwa kuwa adui wa lile, alichukua karatasi ya kalenda na kumchorea njia ya uchochoroni. Alitia msalaba kila penye kizuizi cha vijana. Kisha akaizungushia duara nyumba moja katikati ya njia, akaandika: "Hapa kwa dada yangu. Gonga saa yoyote."

Aligonga saa 3 usiku, akafunguliwa. Wiki mbili baadaye alinirudishia karatasi ile. "Iweke wewe," akasema. "Mimi nikiiona silali." Makabila yao sitayataja. Naomba tu mkebe wangu usipate nyingine ya aina hiyo.

Desemba iliyopita nilikuwa najiandaa kuwapeleka watoto Kola. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka 15, akaandika jina la kwetu kwenye simu ili atuongoze. Simu ikamwonyesha rasi ya Kola, kaskazini mwa Urusi, yenye theluji na kulungu.

"Baba, kwa susu ni mbali namna hii?" akauliza.

Tulicheka wote, ila moyoni nilichomwa. Mtoto wangu anaijua njia ya kila duka la Nairobi, ya kwa bibi yake haijui. Nami sikuwa na haki ya kumlaumu. Baba alipofariki mwaka 2011, ndugu zangu wawili walikaribia kushikana mashati juu ya mpaka wa shamba, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua mstari wa mkonge ulianzia wapi. Mwenye kuujua alikuwa mama, na hakuna aliyemuuliza.

Tulipofika, nikamwomba. "Mwaitu, tuchoree boma hili lote."

Ana miaka 80 na ushei, na macho yameanza kumtoka. Alichukua kijiti akachora uani kwenye vumbi, mjukuu akinakili daftarini. Hakuweka kaskazini juu, aliweka kilima. Akachora mto wa mchanga na mahali pa kuchimba maji wakati wa kiangazi, akachora matuta waliyoyafanya na wenzake wa mwethya, akauonyesha mkonge wa kwanza na wa mwisho. Kisha akafika chini ya mwembe wa zamani, akatia shimo dogo kwa ncha ya kijiti.

"Na huyu?" mtoto akauliza.

"Huyo ni mkubwa wa baba yako," mama akajibu. "Aliishi siku 9."

Nina zaidi ya miaka 55, na siku zote nilijua kwamba mimi ndiye kifungua mimba. Nimecheza chini ya mwembe ule utoto wangu wote. Hakuna aliyenificha habari ile, ni kwamba sikuwahi kumwambia mama anichoree.

Jioni upepo uliipeperusha ramani ya vumbi, ya daftarini ikabaki. Tuliporudi Nairobi, kitinda mimba ndiye aliyeutoa mkebe chini ya kitanda akaitia humo. Mke wangu alimtazama asiseme neno, na habari za kuutupa sijazisikia tena.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga. Nawe msomaji, kama unaye mzee anayejua mpaka ulipo na nani amelala wapi, mpelekee karatasi na kalamu kabla ya msimu huu kwisha. Tuonane Jumapili ijayo, majaliwa.