Gari la Mayatima na Chujio la Mafuta



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Malindi aliyeolewa Elwak katika Kaunti ya Mandera, ametuletea suala tuliloona linastahili ukumbi wetu wote wa juma hili. Marehemu mumewe ameacha watoto watatu wadogo na Land Rover kuukuu ya petroli, aina ya Series III, zile zilizotengenezwa Uingereza baina ya mwaka 1971 na 1985. Gari huwaka vyema asubuhi, hushika njia ya Wajir kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hupoteza nguvu na kuzimika. Likipumzika huwaka tena, na mbele kidogo huzimika tena. Fundi amekwisha badilisha pampu, na taabu imebaki pale pale. Sasa amejitokeza mnunuzi asemaye kwamba injini imekufa, na bei anayotoa ni ya chuma chakavu. Mashemeji wanataka kuuza. Dada auliza: akubali?

Jibu letu ni kwamba gari lisiuzwe kabla chujio la mafuta halijafunguliwa na kutazamwa.

Katika magari ya zamani, pampu hufungwa kwenye injini na huyavuta mafuta kutoka kwenye tangi. Njiani mafuta hupita katika chujio, kisha hujaza bakuli dogo la kabureta, na injini hunywa kutoka hapo. Chujio likiziba nusu, mafuta machache bado hupita. Hayo yatosha gari likisimama au likienda polepole. Lakini likibeba mzigo au likiingia mchangani, injini hunywa upesi kuliko bakuli linavyojazwa, na hapo huzimika. Gari likipumzika, bakuli hujaa tena, na uchafu uliokuwa umevutwa ukaganda kwenye karatasi ya chujio huanguka chini. Gari huondoka kama halikuwa na ugonjwa, na baada ya mwendo mfupi hali hurudi ile ile. Hii ndiyo tabia aliyotueleza dada yetu.

Iko sababu nyingine inayofanana nayo, nayo ni joto. Jua la Elwak likikutana na moto wa injini, petroli yaweza kuchemka ndani ya bomba na kuwa mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Namna ya kutofautisha ni nyepesi: liendesheni gari alfajiri, baada ya swala, likiwa na mzigo wake. Likizimika hata katika ubaridi, lishukiwe chujio au njia ya mafuta. Likizimika adhuhuri tu, lishukiwe joto. Ama chujio la plastiki kuonekana nusu tupu huku injini yaenda vizuri, hilo si ugonjwa, wala msitoe fedha kwa ajili yake.

Chujio lililotolewa lisitupwe. Fundi alimimine juu ya kitambaa cheupe mbele ya mwenye gari. Vumbi jekundu la kutu laonyesha kwamba tangi linaoza ndani; chujio jipya litaziba upesi mpaka tangi lisafishwe. Mchanga waonyesha kwamba mafuta yalijazwa bila hadhari. Matone ya maji yaonyesha kwamba pipa au dumu lilikuwa na maji. Tena asikubaliwe fundi anayeliondoa chujio na kuunga bomba moja kwa moja "ili gari liende". Litakwenda leo, na kesho uchafu wote utakuwa ndani ya kabureta.

Katika miji iliyo mbali na vituo vikubwa, petroli nyingi huuzwa kwa madumu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na anayetazama juu huona mafuta safi. Mimineni kidogo, kutoka chini ya dumu, katika chupa ya kioo, muiweke kivulini kwa nusu saa; maji yakiwemo, mstari utaonekana. Mafuta ya taa ni shida zaidi, kwani huchanganyika na petroli kabisa na hakuna chujio liwezalo kuyatenga. Uchakachuaji huo ulienea hata serikali ya Kenya, mwaka 2018, ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

Hapa twakumbuka habari aliyoipokea Abu Hurayra, iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Dumu lenye maji chini halina tofauti na rundo lile.

Basi dada yetu, badilisha chujio, ukihakikisha mshale wake waelekea kwenye injini. Kazi hii ifanywe injini ikiwa imepoa na pasiwe na moto karibu. Tangi likaguliwe. Safirini na machujio mawili ya akiba, pamoja na maji ya kunywa ya kuwatosha watoto. Gari likipona, lithaminiwe na watu wawili waaminifu likiwa linatembea, ndipo ukoo ushauriane. Qur'ani, katika Suratul An'aam, imetukataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora zaidi. Kuiuza kwa bei ya chuma kwa sababu ya kifaa kidogo kilichoziba si njia hiyo.

Na kama baada ya hayo mtaona kuuza ndiyo kheri, tangi likiwa na kutu, mwambieni mnunuzi kabla hajatoa fedha zake. Hadithi ile ilimhusu muuzaji, na safari hii muuzaji ni ninyi.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awalinde mayatima wake. Amin.