Barua Imekwenda, Vyeti Vimebaki!

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Naomba nafasi kidogo katika kurasa hizi nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wenu mtaliona dogo, lakini kwa maoni yangu si dogo hata chembe. Ni ile barua pepe inayoandikwa kwa adabu zote, "Tafadhali pokea vyeti vyangu", halafu inatumwa na kumbe vyeti havimo. Barua imekwenda, vyeti vimebaki.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ajali hii lakini kinga inayo, na imekuwepo tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Shida ni kwamba kinga yenyewe haikutengenezwa kwa kumfikiria mtu anayeandika Kiswahili.

Hebu tuanzie mbali kidogo. Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka tarakilishi moja hadi nyingine katika mwaka wa 1971. Miaka mingi ilipita ambapo barua hizo zilikuwa maandishi matupu. Tarehe 11 Machi 1992, Nathaniel Borenstein aliwatumia wenzake barua iliyobeba picha pamoja na sauti ya wanaume wanne wakiimba, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Njia aliyoibuni pamoja na mwenzake Ned Freed ndiyo inayotuwezesha leo kufunga picha, vyeti au insha ndani ya barua. Basi kuanzia hapo barua ikawa na mzigo, na palipo na mzigo hapakosi mtu wa kuusahau.

Wataalamu waliliona hilo. Mwezi wa Septemba 2008 Gmail ilianza kujaribu kifaa cha kumkumbusha anayesahau, na kufikia 2010 kikawa cha watumiaji wote. Thunderbird, programu ambayo hutolewa bure, ililetewa kikumbusho chake mwaka wa 2009 katika toleo la 3. Outlook nayo ikafuata katika toleo la 2013.

Kazi yenyewe si uchawi. Programu huwa imepewa orodha ya maneno. Husoma barua yako na kutafuta kama mna neno lolote la orodha hiyo. Ikilipata, hutazama kama kuna faili iliyofungwa. Neno lipo na faili haipo? Basi inakusimamisha na kukuuliza: je, hujasahau kitu?

Najua kuna watakaosema kwamba mashine za namna hii zinatufanya wavivu wa kukumbuka. Hata mimi nimewasikia wazee wakisema hivyo. Lakini nauliza, je, kengele ya shule imetufanya wavivu wa kujua saa? La hasha! Kengele inalia kwa sababu mtu aliyezama katika kazi yake hawezi kuwa anatazama saa kila dakika. Mwandishi wa barua pia akili yake iko kwenye maneno anayoyaandika. Anapomaliza kuandika "nimeambatisha", moyo wake unamwambia amekwisha kuambatisha kweli, kumbe ameambatisha kwa mdomo tu.

Na tufikirie ni nani hasa anayesahau. Mwenye tarakilishi yake nyumbani anaweza kukaa akaisoma barua mara tatu. Sisi wa shule ya kutwa tunaijua saiba. Unalipa kwa dakika, nyuma yako kuna watu wawili wanangoja kiti, stima nayo inaweza kupotea wakati wowote. Mtu wa namna hiyo anabonyeza tu, ndio hiyo imeenda. Haraka haraka haina baraka, ni kweli, lakini haraka ya saiba mtu hajaichagua. Kwa hiyo anayehitaji kukumbushwa zaidi ni yule asiye na nafasi ya kuangalia mara ya pili.

Binamu yangu aliomba kazi ya kutafsiri katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Tangazo lilitaka barua ya Kiswahili, naye ni hodari wa lugha, akaandika barua safi kabisa: "Nimeambatisha wasifukazi na nakala za vyeti vyangu." Programu aliyoitumia ilinyamaza kimya. Aligundua siku tatu baadaye, siku ya mwisho ya kupokea maombi ikiwa imepita. Alipoandika tena kuomba radhi, hakujibiwa hata neno moja. Shangazi alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba kijana anapata kazi.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni uchungu wenyewe. Katika orodha ya Kiingereza ya Thunderbird mna maneno kama "attached", na pia mna herufi mbili "CV". Yule Mkenya anayechanganya ndimi akaandika "nakutumia CV yangu" atakumbushwa. Yule aliyemsikiliza mwalimu wake, akaandika "wasifukazi" kama inavyotakikana, hatakumbushwa. Ama kweli duniani kuna mambo! Anayeandika Kiswahili sanifu ndiye anayeachwa bila mlinzi.

Tusidhani pia kwamba dawa ni kuitafsiri orodha ya Kiingereza neno kwa neno. Hapa ndipo masomo yetu ya sarufi yanapopata kazi. Kwa Kiingereza maumbo ya neno hilo ni machache, na mengi hubadilika mwishoni tu. Kiswahili hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni. Chukueni nafsi sita na viambishi vinne vya wakati, -na-, -me-, -li- na -ta-, mtapata maumbo 24: ninaambatisha, nimeambatisha, tuliambatisha, wataambatisha na kadhalika. Hapo bado hatujaweka "nimekuambatishia" wala "vimeambatishwa". Programu inayotafuta neno zima "ambatisha" haitaona hata moja kati ya hayo. Ni kama askari aliyepewa picha ya mtu asiye na kofia, na watu wote wanapita langoni wamevaa kofia.

Dawa ni kuifundisha mashine itafute mzizi popote ulipo ndani ya neno. Wengine wetu huandika "ambatisha" na wengine "ambatanisha", na ubishi huo sijui utaisha lini. Basi ipewe sehemu mbili, "ambatish" na "ambatanish". Zitanasa kiambatisho, viambatanisho, nimekuambatishia na jamaa zao wote. Tena hazitamsumbua anayeandika kwamba mgeni wa heshima aliambatana na mkewe, maana "ambatana" halimo katika hizo mbili. Tuongeze "wasifukazi". Kazi yenyewe haifiki hata ukurasa mmoja wa daftari!

Mtu ataniuliza, ni nani atakayejishughulisha na lugha yetu? Nami nitamjibu kwamba imewahi kufanyika. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Watu walikaa chini wakatafuta maneno hadi yakapatikana. Nasi Wakenya tuna Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi ni ile ambayo mtu anaweza kuombea kazi au msaada wa karo bila ya kupata hasara kwa kuichagua.

Sisemi kwamba kikumbusho kitamaliza kila tatizo. Kinaweza kulia bure, kwa mfano unapoandika "usisahau kuniambatishia picha" na wewe huna picha ya kutuma. Tena kinajua tu kwamba faili ipo, hakijui ni faili gani. Ukifunga picha za harusi mahali pa vyeti, kitakuacha uende zako. Kwa hiyo macho ya mwandishi bado yana kazi. Mimi napendekeza tuwe tunafunga faili kwanza, ndipo tuandike barua. Desturi hiyo haihitaji stima wala pesa ya saiba.

Lakini desturi njema haiondoi haki ya kuhudumiwa. Thunderbird inamruhusu mwenye kuitumia aongeze maneno yake mwenyewe katika orodha. Kwa hivyo naleta ombi mbele ya chama chetu na mlezi wetu: muhula ujao tutenge kipindi kimoja, tuandike namna zote ambazo watu wa hapa husema wanapofunga faili, iwe ni "nimekuwekea hapo chini" au "tazama viambatisho". Tarakilishi za maabara yetu zikiwa na programu hiyo, tuyaingize. Kisha orodha tuipeleke kwa watengenezaji wa programu hizi, kwa barua ya Kiswahili yenye tafsiri yake.

Na siku hiyo ya kuipeleka, naomba wanachama wawili wasimame kando ya tarakilishi kuhakikisha orodha yenyewe imefungwa ndani ya barua kabla mtu hajabonyeza. Mashine bado haijatujua.