Wasee Wa Majuu Hujipikia Risasi Kwa Gareji, Lakini Hesabu Yao Imeanza Kukataa

Kama TikTok imewahi kukutupa pande za Texas, umeiona hii. Buda wa ndevu ako kwa gareji, anavuta mkono wa mashine chini, juu, chini, na kila akivuta risasi mpya inadondoka kwa bakuli. Wakenya kwa comments huwa na stori moja tu: huyo huku angekuwa ameshikwa kabla chai ipoe.

Kule si makosa. Ukitengeneza zako mwenyewe za kwenda kupiga shabaha, serikali kuu haikuitishi leseni. Leseni inaitishwa ukianza kuuza.

Inaendaje? Risasi ni vitu vinne: kichwa, baruti, praima (kale kadude kadogo nyuma kanakogongwa na pini kawashe moto) na ganda la shaba. Ganda haliungui. Ni lile ambalo wasee waliokota kwa barabara za Nairobi Juni 2024, wakalipiga picha kama ushahidi. Majuu watu huliokota juu ni pesa. Unaliosha, unalirudisha saizi, unalijaza tena.

Sasa tuingie kwa doo. Kit ya bei ya chini, ile ya Lee, ni kama dola 200, karibu thao 26 za hapa. Ukitaka ya RCBS, andaa 400 kupanda. Zile mashine kubwa za Dillon, ukimaliza kununua vikorokoro vyake vyote, umepita dola 1,000. Na usiruke mizani na kitabu cha vipimo. Ukizidisha baruti, bunduki inaweza kulipuka ikiwa mkononi mwako.

Tuseme umetumia dola 300 kuanza. Risasi ya bastola ya 9mm dukani tuiweke senti 25, yako ya gareji ikutoke kwa senti 20. Unaokoa senti tano. Kurudisha zile 300 lazima upike risasi 6,000. Kwa mashine ya moja moja, ukitoa 60 kwa saa, hizo ni saa 100 kwa stuli. Buda, hiyo ni kazi ya mjengo bila mshahara.

Wenye hupata faida kweli ni wale wa raifo za masafa marefu. Risasi zao dukani zinaweza kufika dola mbili kila moja, nyumbani ikawa kama moja. Hapo 300 tu zimekulipa, na risasi imepimwa kufuata bunduki yako.

Lakini story yenyewe iko kwa hako kapraima. Hakuna msee wa kawaida anakapika kwa gareji, ni ya kununua tu. Mwaka wa 2020, korona na maandamano zilifanya Wamarekani wakimbilie bunduki vibaya sana. FBI ilifanya ukaguzi wa wanunuzi karibu milioni 40 mwaka huo. Katikati ya hiyo noma, Julai, Remington ikafilisika. Pakiti ya praima 1,000, yenye ilikuwa kama dola 30, watu wakaanza kuulizana 100 mkono kwa mkono, na bado hupati.

Halafu vita vya Ukraine vikaingilia baruti. Baruti inatoka kwa nitroselulosi, na nitroselulosi inatoka kwa pamba. Mizinga inaila kwa magunia, gareji inabaki kwa foleni. Kampuni ya Vista Outdoor ilitangazia wateja wake kwamba bei inapanda kuanzia Januari 2024, ikisema baruti imeadimika dunia nzima. Mwisho wa mwaka huo huo, biashara yake ya risasi, yaani Federal, CCI na Remington pamoja, ikauzwa kwa CSG ya Ucheki kwa zaidi ya dola bilioni 2. CSG ndio hao hao wanauza silaha za vita vya Ukraine. Kwa hivyo yule buda wa kujigamba eti hategemei mtu, praima yake kuna uwezekano mkubwa faida inaishia kwa tajiri wa Prague.

Beshte yangu ako Dallas aliingia kwa hii maneno 2021, akiwa na kit mpya kabisa. Alikaa miezi minane bila praima. Mashine ikawa ya kuanikia soksi.

Juzi ameniuliza kama anaweza kuibeba akikuja Disemba, eti ni zawadi ya mjomba mwenye ako na bunduki ya leseni. Nikamwambia aiache huko huko Dallas. Huku kuna Cap 114, na hata risasi moja tu bila cheti ni kesi. Akaniuliza basi amletee mjomba nini. Nikamwambia viatu, saizi tisa.