Seva haijui kuwa mtoto wa Ujiji anakujibu kwa adabu

Leo nina jambo, na najua kuna rafiki yangu wa kozi ya kompyuta atanuna. Anune tu.

Jamaa kaweka kwenye seva programu ya kutambua hisia za mtu kwa sauti yake. Kazi ya jioni moja: unapakua modeli iliyokwisha kufundishwa, unaiwasha, unaitumia sauti, inakurudishia asilimia za furaha, hasira, woga. Kwa hilo nampa tano, kijana ni kichwa. Ugomvi ni pale anapotaka sisi wa ualimu tunaokwenda BTP Kigoma tuibebe, eti imsaidie mwalimu mwenye watoto themanini kujua nani ana huzuni na nani mkorofi. Hapo nasema hapana.

Modeli za aina hii hunolewa kwa sauti za nani? Mkusanyo maarufu wa RAVDESS, uliotoka 2018, ni waigizaji 24 wa Toronto wakisema sentensi mbili tu za Kiingereza. Ule wa Berlin wa 2005 ni waigizaji 10 wa Kijerumani. Waigizaji jamani! Hata hasira yenyewe ni ya kuigiza.

Sasa ipeleke mwaloni Kibirizi dagaa wanaposhushwa. Watu wanapatana bei utadhani wanapigana, dakika mbili baadaye wanacheka. Au mchukue mtoto anayeongea Kiha nyumbani, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Halafu kuna yule aliyelelewa vizuri, anayemwambia mwalimu "shikamoo" kwa sauti ya chini kabisa. Hiyo ni adabu. RAVDESS ina majina nane ya hisia, adabu haimo. Na modeli lazima igawe asilimia mia yake kwa majina iliyopewa. Usipoiwekea "sijui", haitasema sijui hata siku moja.

Msisahau shuleni fimbo bado ipo. Mtoto akiandikwa "hasira" na kompyuta, nani atambishia mwalimu wa nidhamu? "Mashine imesema" itakuwa ushahidi tosha.

Wenye mashine zao wenyewe wameshashtuka. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya imepiga marufuku kukisia hisia za watu shuleni na kazini tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayoweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sauti ya mwanafunzi si ya kurekodi ovyo ovyo ukaipeleka kwenye seva ya bwenini.

Jamaa akitaka kweli, aanze na watu wazima wa Ujiji waliokubali, na wenyeji ndio waseme sauti ipi ni hasira na ipi ni utani. Darasani tuache mwalimu aulize: "Mwanangu, leo una nini?" Kwa watoto themanini ni kazi, ndiyo. Tudai walimu zaidi basi.

Naomba kutoa hoja. Mnaobisha karibuni, ila msinune.