Unene wa uzi si ukubwa wa sauti

Wakati wa Kwaresima nililetewa gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili, mali ya kwaya moja hapa Dar es Salaam. Vijana wawili walilibeba kama wanavyobeba mgonjwa, mmoja kashika shingo, mwingine kashika tumbo. Briji ilikuwa imebanduka upande wa nyuma, na nilipopitisha kiwembe chini yake kiliteleza mpaka katikati. Ubao wa mbele ulikuwa umevimba nyuma ya briji na kubonyea mbele yake. Kwenye freti ya kumi na mbili nyuzi zilikuwa juu kiasi kwamba sarafu mbili za shilingi mia mbili zilipita chini yake zikiwa zimebebana.

Nikauliza mmeweka nyuzi gani. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole aliyekuwa amekuja nao, akanijibu bila wasiwasi: "Fundi, tuliweka nzito. Dukani walituambia kanisa letu ni kubwa, nyuzi nyembamba hazitasikika. Seti ya kumi na mbili hawakuwa nayo, wakatupa seti mbili za sita."

Sikumlaumu. Alichoambiwa yeye dukani ndicho nilichoambiwa mimi nilipokuwa kijana, na ndicho wanachoambiwa wapigaji hadi leo: uzi mnene ndiyo sauti. Kwenye gitaa la nyuzi kumi na mbili maneno hayo si kweli, na naandika kwa sababu nimechoka kugandisha briji ambazo zisingebanduka kama kuna mtu angewaambia wenyewe ukweli mapema.

Tuanze na hesabu. Gitaa la nyuzi sita lenye seti ambayo madukani tunaiita "kumi na mbili", yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.012 na wa sita 0.053, likityuniwa sauti ya kawaida hubeba mvuto wa takriban kilo 74. Gitaa la nyuzi kumi na mbili lenye seti nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili yake, ile inayoanzia 0.010 na kuishia 0.047, hubeba takriban kilo 114. Hiyo ni mifuko miwili ya saruji na ziada, inayoning'inia mchana na usiku kwenye ubao ambao unene wake hauzidi sana milimita tatu. Hiyo ndiyo seti nyepesi! Wale vijana wa kwaya, kwa seti zao mbili za sita, walikuwa wamelitwisha gitaa lao karibu kilo 148. Gundi ya briji ilivumilia miezi mitano.

Mvuto huo hauongezeki kidogo kidogo kama watu wanavyodhani. Ukitaka noti ileile kwenye shingo ileile, mvuto hupanda kwa mraba wa unene. Ukitoka uzi wa 0.010 kwenda 0.012, tofauti ambayo kwa macho huioni kabisa, mzigo wa uzi huo umepanda kwa asilimia 44. Muuzaji anayesema "ongeza kidogo tu" hajui anaongeza nini.

Nakubali kwamba imani hii haikuzuka hivihivi. Kwenye gitaa la nyuzi sita uzi mnene ukipigwa kwa nguvu husukuma ubao zaidi, na mpigaji wa mkono mzito hupata sauti kubwa zaidi. Aliyetoka huko na kuhamia nyuzi kumi na mbili amekuja na ukweli wa nyumba nyingine. Gitaa hili halipati ukubwa wake kwa njia hiyo. Nyuzi zake zimepangwa jozi sita. Jozi mbili za chini kwenye mkono wa kulia, B na E nyembamba, ni mapacha wa sauti moja. Jozi nne zilizobaki, yaani G, D, A na E nene, kila moja ina uzi wa kawaida na mwenzake mwembamba anayelia oktavo moja juu. Ule mng'aro unaomfanya msikilizaji wa benchi la mwisho ageuze kichwa unatoka kwa hao wanne wembamba, na kwenye kupishana kudogo mno kwa nyuzi mbili ambazo hata zityuniwe vipi haziwi kitu kimoja. Seti mbili za sita hazina hata mmoja wa hao wembamba. Kwaya ile ilinunua gitaa la nyuzi kumi na mbili, kisha ikalinyima kile kilicholifanya liwe hivyo.

Hapa niseme kwa kirefu kuhusu uzi mmoja, kwa sababu ndio unaoleta ugomvi mwingi: oktavo ya G. Kwenye seti nyepesi una unene wa inchi 0.008, kama unywele wa farasi, na ndio unaolia juu kuliko zote kwenye gitaa zima, juu hata ya uzi wa kwanza. Unakatika. Kila mpigaji wa gitaa hili amewahi kukatikiwa nao, na karibu kila mmoja ameshauriwa jambo lilelile: ni mwembamba mno, weka wa 0.010 utadumu. Ushauri huu unaonekana wa busara lakini ni kosa. Uzi wa chuma tupu, urefu ukiwa uleule, hukatika ukifika sauti fulani, na sauti hiyo haitegemei unene. Uzi mnene una chuma kingi zaidi cha kuhimili, sawa, ila ili uimbe noti ileile unahitaji kuvutwa zaidi kwa kiwango hichohicho. Faida inaliwa yote. Ukiweka 0.010 mahali pa 0.008 hujapunguza hatari ya kukatika hata kidogo, na umeongeza mzigo wa uzi huo kwa asilimia 56.

Unaokata uzi wa G mara nyingi ni mfupa ulio juu ya shingo, pale nyuzi zinapopita kuelekea kwenye funguo. Shika uzi uliokatika, utazame umekatikia wapi. Kama ni palepale kwenye mfereji wa mfupa, mfereji una ukingo mkali au umebana uzi. Sugua taratibu kwa msasa laini uliokunjwa, kisha pitisha ncha ya penseli ya kawaida mara tatu nne ili unga wake mweusi ulainishe njia. Dawa ya pili ni kushusha tyuni, na hii nitairudia.

Watu wa nyuzi nene wana shahidi wao mkubwa, Lead Belly. Huddie Ledbetter, Mmarekani mweusi wa Louisiana aliyerekodiwa na John na Alan Lomax mwaka 1933 akiwa mfungwa gereza la Angola, ndiye aliyelipa gitaa hili jina kuliko mtu yeyote wa karne iliyopita. Sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma, na nyuzi zake kweli zilikuwa nene. Wanaomtaja husahau nusu ya pili ya habari: alityuni chini sana, mara nyingi mpaka C au B badala ya E. Kushuka kutoka E hadi B kunapunguza mvuto wa uzi kwa asilimia 44. Na gitaa lake, la chapa ya Stella, lilikuwa na chuma cha mkiani kilichoshika nyuzi kutoka nyuma ya gitaa, kwa hiyo gundi ya briji haikuachiwa mzigo peke yake.

Ukitaka kuona jambo hili huhitaji kwenda Louisiana. Tazama gitaa lako mwenyewe. Uzi wako wa pili una unene wa 0.014 na umetyuniwa B. Mvuto wake ni takriban kilo 8, karibu sawa na uzi wa kwanza wa 0.010 ulio kwenye E, wenye kilo 7 na kidogo. Mtu akiweka uzi wa 0.014 kuwa wa kwanza na kuushusha mpaka B, gitaa lake halijabeba mzigo wa ajabu. Alichofanya mzee yule kilikuwa na mantiki kamili. Anayechukua unene wake na kuuacha ushushaji wake anaua gitaa kwa jina la Lead Belly.

Na kama ni mashahidi, tuwaite na wa jirani. Wapigaji wa rumba wa Kongo waligundua zamani kwamba gitaa la nyuzi sita litasikika vizuri zaidi katikati ya magitaa mengine likifanywa jepesi. Walitoa uzi wa nne, ule wa D mnene, wakaweka uzi mwembamba uliotyuniwa oktavo moja juu, na mtindo huo wakauita mi-composé. Kinanda kinapiga, besi inapiga, ngoma zinapiga, na bado lile gitaa unalisikia likichomoza. Wapigaji wa studio za Nashville nao wana desturi ya kuchukua nyuzi za oktavo kutoka seti ya kumi na mbili na kuzifunga kwenye gitaa la sita ili lipenye kati ya vyombo vingine. Hawa wote walikuwa wanatafuta kusikika, na wote walikwenda upande wa wembamba.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwenye briji. Nyuzi nene zikipinda shingo, nyuzi zinapanda juu ya freti, na kidole kinapokandamiza kinaunyoosha kila uzi kwa kiasi chake. Ule mnene na oktavo yake hawapandi sawa. Jozi iliyokuwa safi ikiwa wazi inatoka kwenye tyuni mara unaposhika kodi ya F, na mpigaji anajiona hana sikio. Nimeona binti mwenye kipaji akiacha gitaa hili kwa sababu hiyo, akiamini kosa ni la vidole vyake. Hilo linaniuma kuliko ubao uliopasuka, maana ubao unazibika.

Kuhusu chuma chenyewe sina maneno mengi. Shaba ya rangi ya dhahabu hung'aa zaidi siku za mwanzo, ile nyekundu huwa na joto zaidi na hudumu zaidi kidogo, chagua unayoipenda. Kwa sisi wa pwani, wenye jasho na hewa ya chumvi, nyuzi zilizopakwa ngozi nyembamba ya kuzikinga zinastahili bei yake, kwa sababu kubadilisha nyuzi kumi na mbili ni kazi ya saa nzima.

Gitaa la kwaya niligandisha briji yake, nikaibana kwa klempu usiku na mchana, nikaweka seti ya 10. Nikalityuni toni nzima chini, E ikawa D. Hapo kilo 114 zinashuka mpaka kama 91. Nikafunga kapo kwenye freti ya pili ili mpigaji abaki na kodi zake zote alizozizoea na waimbaji wabaki kwenye sauti yao. Mwalimu alinung'unika kidogo alipozigusa nyuzi. "Fundi, hizi si za watoto?" Nikamwomba anivumilie mpaka Jumapili.

Jumapili nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, feni zote zikizunguka na waumini wamejaa. Walipoanza wimbo wa kutoa sadaka nilisikia kwanza sauti za wanawake, halafu juu yake, kama mtu anamwaga shanga kwenye sinia, nikasikia oktavo ya G.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Msimuuzie mtu seti mbili za sita kwa gitaa la kumi na mbili. Kama seti yake haipo, semeni haipo, au muuze nyuzi mojamoja: mbili za 0.010, mbili za 0.014, kisha 0.023 na 0.008, 0.030 na 0.012, 0.039 na 0.018, 0.047 na 0.027. Iandikeni kwenye karatasi mbandike ukutani. Nanyi wapigaji, someni namba kwenye pakiti kabla ya kutoa pesa, na mkirudi nyumbani mtyuni D, mfunge kapo freti ya pili. Gitaa la kwaya ile linapigwa hivyo tangu Pasaka, na briji yake haijasogea.