Ramani ya Hosteli Haivuki Mpaka Kama Gunia la Mchele

Wafanyabiashara wengi wanaopita Namanga, Busia na Mutukula hawaachi faida ilale. Mzigo ukiuzika vizuri, fedha inageuzwa tofali. Siku hizi baadhi ya tofali hizo zinajenga hosteli za wanafunzi karibu na vyuo, na wateja wapo. Hata hosteli zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840, hazikumaliza shida ya wanafunzi kupanga mitaani.

Kasoro iko kwenye ramani. Mtu huvutiwa na jengo la Nairobi, akatafuta mchoro wake na kulisimamisha vilevile Dar es Salaam au Mombasa. Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lianze mwaka 2010, mtaji, saruji, fundi na mwanafunzi wanavuka kwa urahisi zaidi. Hali ya hewa haivuki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai dirisha dogo linalofungwa vizuri ni nafuu kwa mpangaji. Pwani dirisha hilohilo linageuza chumba kuwa tanuri.

Ramani inayopendwa ni ya korido katikati na vyumba pande zote mbili, kwa kuwa inatoa vyumba vingi. Lakini korido yake inahitaji taa mchana, na kila chumba kina dirisha upande mmoja tu. Upepo usio na pa kutokea hauingii, uwe kusi au kaskazi. Korido ikiwekwa pembeni na kuachwa wazi, chumba hupata madirisha mawili yanayotazamana, na joto hupata njia ya kutoka.

Jua nalo lina kanuni yake. Katika ukanda huu wa ikweta, adhuhuri linapita karibu na utosi, lakini asubuhi na jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Ukuta wa kaskazini au kusini hukingwa na upenu mfupi tu. Kwa hiyo jengo refu lielekeze pande zake ndefu kaskazini na kusini. Kiwanja kikikataa, ngazi, vyoo na stoo viwekwe magharibi ili vipokee jua la jioni badala ya vitanda.

Mwanga pia una mipaka. Kwa kawaida, mwanga wa dirisha hufika ndani kiasi cha mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Dirisha linaloishia mita 2 huangaza takriban mita 4. Meza ikiwekwa mita 6 ndani, mwanafunzi atasoma kwa taa saa sita mchana.

Gharama ya giza hilo hulipwa kila mwezi, iitwe LUKU Tanzania, tokeni Kenya au Yaka Uganda. Umeme ukiwa ndani ya kodi, feni na taa vinakula faida ya mwenye nyumba. Ukiwa juu ya mwanafunzi, atahama akipata chumba chenye hewa.

Ni kweli kwamba korido ya pembeni hupunguza vyumba, na dirisha kubwa linataka nondo na wavu wa mbu. Lakini hiyo ni gharama ya mara moja, wakati chumba kitupu ni hasara inayojirudia kila muhula. Halmashauri nazo zisitoe kibali cha hosteli bila kukagua mwanga na hewa ya kila chumba.

Kabla ya kuchimba msingi, mwenye mtaji asimame kiwanjani saa kumi jioni pamoja na mchoraji wa ramani, watazame jua linapiga wapi na upepo unatoka wapi. Ukaguzi huo hauna ushuru, na kosa likigunduliwa hapo husahihishwa kwa kalamu. Likigunduliwa baada ya kuezeka, litataka nyundo.